Gramu 15 zilizopungua: kisa cha migomba ya chupa iliyodumaa Kigoma

Malalamiko yalikuwa mafupi: migomba ya kwenye chupa haiongezeki. Maabara yenyewe ni ndogo, ipo Gungu, Kigoma mjini, vyumba vitatu vya nyumba ya kawaida vilivyozibwa madirisha na kupakwa rangi ya mafuta. Kazi yake ni moja tu, kuzalisha miche ya migomba kwa njia ya tishu, yaani kukuza vipande vidogo vya mgomba ndani ya chupa. Jina lake naliacha, maana wako sokoni na mteja akisikia neno "tatizo" harudi.

Kwa kawaida kipande kimoja cha mgomba kikihamishiwa kwenye midia mpya (chakula cha mmea kinachopikwa na kumiminwa chupani), baada ya wiki nne hivi kinakuwa kimetoa machipukizi matatu au manne, wakati mwingine zaidi. Yanatenganishwa, na kila moja linaanza upya kwenye chupa yake. Hapa yalikuwa yanatoka mawili, tena membamba. Kwa mtu asiye wa kazi hii tofauti ya mbili na nne haitishi, lakini ifuatilie hesabu. Vipande 100 vikizaa mara nne kwa raundi tatu mfululizo unapata miche 6,400. Vikizaa mara mbili, raundi hizo hizo tatu zinakupa 800. Na Kigoma mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Oktoba au Novemba na kukatika kwenye Mei. Mche wa chupa unahitaji karibu miezi miwili nje ya chupa, kwenye kivuli, kabla ya kwenda shambani. Wakulima wa Kasulu na Buhigwe waliokwisha kuweka oda hawawezi kuambiwa wasubiri Januari.

Oda zenyewe hazikuja bure. Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa nchini mara ya kwanza mwaka 2006, mkoani Kagera, na tangu hapo kuhamisha machipukizi kutoka shamba la jirani kumekuwa sawa na kuhamisha ugonjwa. Ukiongeza minyoo fundo na fukusi wa migomba wanaosafiri kwenye udongo wa shina, unaelewa kwa nini mkulima anakubali kulipia mche wa chupa wakati zamani alipewa chipukizi bure na shemeji yake. (Virusi ni habari nyingine. Chupa haiondoi virusi yenyewe. Mama mgomba lazima apimwe kwanza. Wauzaji wengi hawalisemi hili.)

Nilipoitwa, mshtakiwa alikwishapatikana: homoni. Meneja, mama mmoja mwenye kujua hesabu zake vizuri, alikuwa ameagiza unga mpya wa benzilaminopurini kutoka Dar es Salaam, ule unaofanya kipande kimoja kitoe machipukizi mengi. Ni kitu cha bei, kinapimwa kwa miligramu, na ndiyo maana kila kitu kikiharibika maabara ya tishu watu huitazama homoni kwanza. Unga ukafika, midia ikapikwa, wiki nne zikapita, hali ikawa ile ile.

Mshukiwa wa pili alikuwa uzee wa ukoo. Vipande vya migomba havihamishwi milele. Maabara nyingi huacha baada ya raundi nane hadi kumi, kwa sababu ukizidisha unaanza kupata miche iliyobadilika, mifupi kupita kiasi au yenye majani ya ajabu. Lakini vipande vilivyotoka shambani karibuni navyo vilikuwa vinasuasua, na vya FHIA 17, aina ya mgomba chotara, vilikuwa sawa na vya mzuzu. Ugonjwa wa ukoo haugusi koo zote kwa siku moja. Bakteria waliojificha ndani ya tishu nao tuliwatafuta: ukiinua chupa na kuitazama kwa chini dhidi ya taa, huonekana kama wingu la maziwa kuzunguka kitako cha mche. Chupa chache zilikuwa nalo, si zaidi ya kawaida.

Sasa chupa zenyewe zilikuwa zinasema nini? Nilitoa kadhaa kwenye rafu ya kuongezea na kadhaa kwenye rafu ya kuoteshea mizizi, nikazipanga mezani. Za kuongezea: majani membamba, kijani cha kufifia kinachoelekea njano, ukingo wa jani ukionekana wa kioo kidogo, kama umelowa kwa ndani. Kitako cha chipukizi, ambacho kwa kawaida huvimba na kuwa kigumu ukikibonyeza na koleo, kilikuwa laini na kidogo. Hakuna aliyekufa, wala chupa iliyooza. Ni kudumaa tu.

Za mizizi zilikuwa nzuri. Mizizi myeupe, majani yamefunguka. Na miche iliyokuwa tayari imetoka kwenda kwenye neti ya kivuli ilikuwa inashika vizuri kuliko msimu uliopita. Binti anayesimamia upikaji wa midia ndiye aliyeuliza swali ambalo wote tulipaswa kuanza nalo:

"Sasa mwalimu, kama midia ni mbaya, mbona hawa wa mizizi wanapendeza? Napika mimi zote, sufuria moja."

Sufuria moja, maji yale yale, chumvi zile zile, sukari ile ile. Tofauti ni homoni tu, inayoongezwa mwishoni. Ndiyo maana meneja aling'ang'ania homoni, na kwa mantiki hiyo huwezi kumlaumu.

Niliomba midia kabla haijatiwa agari inayoigandisha, ikiwa bado maji, nikaipima kwa kile kifaa cha mkono cha kupimia utamu kwa briksi (gramu za sukari katika kila gramu 100), cha wauza juisi. (Tulianza kwa kuazima cha warina asali, hakikufaa, kile hupima vitu vizito, kipimo chake cha chini kiko mbali sana juu ya utamu wa midia.) Midia ya kawaida ya migomba ina gramu 30 za sukari kwa lita, na chumvi zake zote ni kama gramu nne na kitu, kwa hiyo kifaa kinatakiwa kusoma tatu na ushee. Kilisoma chini ya mbili.

Ukutani, juu ya mzani, palikuwa na karatasi ya fomula iliyowekwa kwenye nailoni. Mbele ya neno sukari namba 30 ilikuwa imekatwa kwa kalamu na pembeni kuandikwa 15.

Historia ya kalamu hiyo ilipatikana haraka. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji viwandani, sukari iliadimika nchi nzima na bei ikapaa. Mji wa Kigoma, ulio mwisho wa reli, ulikuwa na siku ambazo duka linakuuzia nusu kilo tu. Meneja aliona maabara nyingine ikitumia gramu 15, akasema na sisi tushuke kwa muda. Alichoona kilikuwa sahihi, ila ilikuwa fomula ya kuoteshea mizizi. Sukari ikarudi madukani, namba ikabaki ukutani. Kwa nini kudumaa hakukuonekana mapema? Kwa sababu vipande vilikuja na akiba ya wanga kutoka midia ya zamani, na kwa sababu kushuka kutoka machipukizi manne hadi matatu watu hukuita bahati mbaya. Raundi zilipofuatana, akiba ikaisha.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na nitakaa kidogo.

Mtu anayeona mmea wa kijani chini ya taa anadhani unajilisha. Kwenye chupa iliyofungwa haujilishi, au unajilisha kidogo sana. Profesa Toyoki Kozai na wenzake huko Japani walipima hewa ndani ya vyombo vya namna hii na kukuta kwamba taa zikiwashwa, kabonidioksaidi inanyonywa na kushuka sana ndani ya saa moja au mbili, hadi pale ambapo jani haliwezi tena kupata faida. Mwanga wa rafu nao ni hafifu ukilinganisha na jua la nje. Kwa hiyo mche uko kijani lakini una njaa, na chakula chake kinatoka chini, kwenye midia. Hicho chakula ni sukari. Chumvi za madini hazina nguvu ya kuujenga mwili, na homoni haijengi kitu, inaamuru tu. Saitokinini, yaani homoni za kundi la benzilaminopurini, ikisema "chipua mara nne" na ghala lina chakula cha wawili, watatoka wawili. Ndiyo maana homoni mpya kutoka Dar haikubadilisha chochote, na hata ingeongezwa mara mbili isingebadilisha. Pengine ingeharibu zaidi, kwa kuwa homoni ikizidi huleta miche ya kioo na iliyojikunja.

Sukari inayotumika ni sukrosi, hii hii ya chai. Mmea hauiingizi jinsi ilivyo tu. Sehemu kubwa hukatwa na vimeng'enya kwenye ukuta wa seli kuwa glukosi na fruktosi, halafu ndipo inaingia. Nyingine imekwishakatwa na moto wakati wa kupika midia kwa mvuke wa nyuzi 121. Gramu 30 kwa lita si namba takatifu ya migomba. Imetoka kwenye fomula ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962, waliyoitengeneza Marekani kwa kutumia tishu za tumbaku. Hao jirani zetu wa Urambo na Kaliua wanaolima zao hilo wangeshangaa kusikia kwamba maabara nyingi za mimea duniani zinapika kwa kipimo cha tumbaku. Migomba imekikubali, na wala sioni sababu ya kukigusa kwenye hatua ya kuongezea.

Lakini sukari ina kazi ya pili, na maelezo mengi ya njaa huisahau. Inavuta maji. Chumvi ya Uvinza ikipakwa kwenye mgebuka hutoa maji ya samaki. Sukari kwenye midia hufanya hivyo hivyo kwa kiasi kidogo, inashindana na seli katika kushika maji. Gramu 30 kwa lita huzuia seli zisijae maji ovyo. Ukipunguza nusu, mmea haukosi chakula tu, unapata pia maji kwa wepesi kupita kiasi, na ule ukingo wa kioo kwenye majani nadhani ulitoka hapo. Ukiongeza kupita kiasi, mambo yanageuka: seli zinashindwa kunywa.

Je, tunajuaje ni njaa au ni maji? Gramu 15 zilizoondolewa ziliondoka na vyote viwili kwa pamoja. Tulifanya jaribio ambalo maabara yoyote ndogo inaweza kulifanya bila kuomba ruhusa ya mtu. Vipande vya ukoo mmoja, vya ukubwa unaolingana, tuligawa kwenye midia za sukari gramu 15, 30, 45 na 60. Seti ya tano ilikuwa na sukari 15 na manitoli gramu 8. Manitoli ni aina ya sukari-pombe ambayo seli za mgomba haziitumii kwa maana ya chakula, lakini inavuta maji. Molekuli yake ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa sukrosi, kwa hiyo gramu 8 zake zina mvuto sawa na gramu 15 za sukrosi. Seti hiyo ina njaa ya 15 lakini mvuto wa 30. Manitoli ilitufikia kwa basi, kwenye kifurushi kidogo, na ndiyo gharama pekee ya jaribio zima. Chupa zote zilichanganywa rafuni, za seti moja zisikae mahali pamoja, ili taa dhaifu ya kona isije ikasingiziwa kuwa sukari.

Baada ya raundi mbili jibu lilikuwa wazi kwa macho. Seti ya 15 iliendelea na uzazi wa kinyonge. Seti ya 30 iliamka, ingawa si katika raundi ya kwanza. Ilihitaji raundi nzima kujenga upya vitako. Ya 45 haikuizidi ya 30 kwa idadi, miche yake ilikuwa mifupi na minene. Ya 60 ilidumaa kwa namna nyingine kabisa: majani ya kijani kizito, vikonyo vilivyoiva rangi ya zambarau kwenye kitako, machipukizi yaliyobanana na kukataa kurefuka. Mtu asiye mzoefu angesema hii ndiyo yenye afya. (Wazalishaji wa mbegu za viazi mviringo huitumia hali hii kwa makusudi, huweka sukari gramu 80 hivi kwa lita ili mche uache kurefuka na uweke viazi vidogo ndani ya chupa. Mgomba hauna kazi na hilo.)

Seti ya manitoli ndiyo niliyoingoja. Majani yake hayakuwa ya kioo. Lakini machipukizi yalikuwa machache vilevile kama ya 15. Kwa hiyo ukingo wa kioo ulikuwa suala la maji, uzazi mdogo ulikuwa njaa, na tatizo la meneja lilikuwa la pili.

Linabaki swali la yule binti, la rafu ya mizizi. Pale gramu 15 hazikudhuru, na kwa maoni yangu zilisaidia. Mche unaofika hatua hiyo una majani ya kweli na hauombwi kuzaa, unaombwa kuota mizizi tu, kazi ambayo mgomba huifanya bila shida. Zaidi ya hapo, sukari ikiwa nyingi, majani huipunguza mitambo yake ya usanisinuru, kwa kuwa mmea unapata chakula bila jasho. Mche uliozoeshwa hivyo ukitolewa nje unakutana na siku ambayo hakuna anayemlisha, na mizizi yake bado haijashika udongo. Vifo vingi vya wiki ya kwanza kwenye neti hulaumiwa jua na ukavu. Jua lina lake, lakini mche uliopewa sukari pungufu mwishoni hutoka ukiwa umeanza kujitafutia. Maabara hii ilipata faida hiyo bila kuitafuta, kwa kalamu ile ile iliyoiumiza rafu ya kuongezea. Nilimwambia meneja asirudishe 30 kote. Fomula ziwe karatasi mbili, sufuria mbili, rangi mbili za mfuniko.

"Sufuria mbili ni gesi mara mbili," alisema.

Basi tukapiga hesabu mbele yake. Sukari ikiuzwa shilingi 3,000 kwa kilo, gramu 15 ni shilingi 45 kwa lita. Lita moja inajaza chupa 33 za mililita 30. Akiba yote iliyotokana na kupunguza sukari ilikuwa shilingi moja na senti kadhaa kwa chupa. Hata katika siku zile mbaya, tuseme kilo ingefika 5,000, ni shilingi mbili na kidogo. Agari iliyomo kwenye chupa hiyo hiyo ina thamani mara nyingi zaidi, umeme wa taa usiseme. Kama kuna mahali pa kubana matumizi katika maabara ya tishu, sukari ni pa mwisho. Mama alicheka kidogo, akatoa simu akaanza kutafuta bei ya mtungi wa pili.

Mambo madogo kuhusu sukari yenyewe, kwa sababu niliyaulizwa na naona yanasumbua wengine. Sukari ya dukani inatosha. Si lazima kununua ya maabara inayouzwa kwa bei ya dawa. Ya kahawia nayo inakuza migomba, ila ina mabaki ya molasesi yanayotofautiana kati ya mfuko na mfuko, na inaipa midia rangi ambayo baadaye hujui kama imetoka dukani au imetoka kwenye moto. Hilo la moto si dogo: midia iliyopikwa kupita muda hugeuka rangi ya chai, tindikali inapanda, na agari inagoma kushika. Ukianza na sukari nyeupe, rangi ikibadilika unajua ni mpishi. Sukari ipimwe kwa mzani, kamwe isipimwe kwa kikombe, na mfuko ufungwe. Hewa ya ziwani ina unyevu, na sukari iliyolowa unapima maji ukidhani ni chakula. Na kipimo cha briksi kikae pale pale jikoni. Tone moja kwa kila sufuria, namba iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Kingekuwepo, kisa hiki kingeisha kwa raundi moja.

Kuna pendekezo moja tuliloachana nalo bila kukubaliana. Kozai huyo huyo anahimiza kuondoa sukari kabisa: mifuniko yenye vichujio vya hewa, mwanga mkali, kabonidioksaidi ya kuongeza, mmea ujilishe tangu ndani. Kuna faida ya wazi, kwa sababu kuvu na bakteria wanaoharibu chupa wanaishi kwa sukari hiyo hiyo. Yule binti alivutiwa nalo. Mimi kwa Kigoma ya sasa naona ni kwa rafu ya mizizi peke yake, na baada ya kuwa na umeme wa akiba, maana mche usio na sukari taa zikizimika siku nzima hauna pa kula. Vichujio navyo vinaagizwa nje. Meneja amekubali kununua mifuniko michache ya majaribio baada ya miche ya msimu huu kwenda Kasulu. Rafu ya kuongezea imerudi kwenye 30, na oda ya Buhigwe imegawanywa, nusu kwa mvua za kwanza, nusu Desemba.